Uchambuzi wa kisa: fahirisi ya handikapu iliyopanda bila mchezo kushuka

Kisa hiki kinamhusu mwanachama mmoja wa klabu ya gofu ambaye fahirisi yake ya handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, ambapo namba kubwa ni mchezo dhaifu na mikwaju mingi ya kupunguziwa) ilipanda kutoka 14.0 hadi 15.4 katika muda wa miezi saba, ilhali wastani wa mchezo wake haukuharibika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kucheza raundi za mashimo 18 akawa anacheza mashimo tisa tu. Niliketi katika kamati ya handikapu iliyopokea malalamiko dhidi yake, na ninayaandika haya kwa sababu kamati yetu, ikiwa na nia njema na daftari la hesabu mkononi, ilikaribia sana kumwadhibu mtu asiye na kosa. Jina la klabu, majira ya mwaka na mambo yote yanayoweza kumtambulisha mhusika yameondolewa.

Usuli

Mchezaji huyo alikuwa na rekodi kamili ya raundi 20 za mashimo 18, na fahirisi yake ilikuwa imetulia kwenye 14.0 kwa muda mrefu. Ya chini kabisa katika siku 365 zilizotangulia ilikuwa 13.8. Kisha saa zake za kazi zikabadilika. Mwisho wa juma ukajaa, na muda uliobaki ulikuwa ni jioni, saa mbili hivi kabla ya giza, muda unaotosha mashimo tisa ya kwanza ya uwanja wetu na si zaidi. Katika miezi saba iliyofuata alirekodi raundi 20 za mashimo tisa, kila moja akiwa na mchezaji mwenzake wa kuthibitisha kadi, na raundi zake zote za mashimo 18 zikasukumwa nje ya orodha ya 20 inayotumika katika hesabu.

Uwanja wenyewe una kiwango cha 71.4 kwa mashimo 18, na slopu ya 126. Mashimo tisa ya kwanza yana kiwango cha 35.5 na slopu ya 124. Kiwango cha uwanja ni idadi ya mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari asiye na handikapu. Slopu huonyesha jinsi uwanja unavyozidi kuwa mgumu kwa mchezaji wa kawaida kuliko kwa huyo hodari, na 113 ndiyo slopu ya kawaida ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo.

Jinsi mashimo tisa yanavyohesabiwa

Mfumo wa Handikapu wa Dunia, unaosimamiwa na R&A pamoja na USGA, mashirika mawili yanayotunga kanuni za gofu, ulianza kutumika mwaka 2020 na kuchukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali. Kila raundi hugeuzwa kuwa kile nitakachokiita hapa alama linganishi: unachukua mikwaju ya mchezaji, baada ya kupunguza mashimo yaliyoharibika kupita kikomo kinachoruhusiwa, unatoa kiwango cha uwanja, kisha unazidisha kwa 113 na kugawanya kwa slopu. Hali ya hewa ikiwa imewatatiza wachezaji wengi siku hiyo, marekebisho madogo hufanywa. Katika kisa hiki hayakuwapo. Fahirisi ya handikapu ni wastani wa alama linganishi nane bora kati ya 20 za mwisho. Nane bora, wala si zote 20. Neno hilo ndilo kiini cha kisa chote, na nitalirudia.

Tangu 2020 hadi mwisho wa 2023, alama ya mashimo tisa ilikaa pembeni ikisubiri nyingine, na zilipopatikana mbili ziliunganishwa kuwa raundi moja ya mashimo 18. Utaratibu huo ulikuwa na kero zake: nusu moja ingeweza kupigwa kwenye jua kali na nusu ya pili miezi mitatu baadaye kwenye matope, kisha zikafungwa kitita kimoja. Kuanzia 2024 alama ya mashimo tisa haisubiri tena. Mara inapoingizwa, mfumo huiongezea alama tarajiwa ya mashimo tisa, yaani kile ambacho mchezaji mwenye fahirisi kama hiyo kwa kawaida angekipata katika mashimo tisa kwenye uwanja wa ugumu wa kawaida, na jumla inakuwa alama linganishi ya mashimo 18.

Kwa mchezaji wa 14.0, alama hiyo tarajiwa ni 8.5. Wanachama wengi huuliza kwa nini isiwe 7.0, ambayo ni nusu ya 14.0. Jibu ni lile neno nililosema nitalirudia. Fahirisi ni wastani wa siku njema za mtu. Siku zote zikihesabiwa, njema na mbaya, mchezaji wa 14.0 hupata alama linganishi karibu na 17, na nusu ya 17 ni 8.5. Kwa ukaribu, alama tarajiwa hupatikana kwa kuzidisha fahirisi kwa 0.52 na kuongeza 1.2, hivyo mwenye 15.4 huongezewa karibu 9.2, na mwenye 30.0 karibu 16.8.

Mfuatano wa matukio

Katika mwezi wa saba, mchezaji aliingia shindano la mashimo 18 la klabu akiwa na fahirisi ya 15.4. Kwa uwanja wetu, na kwa asilimia 95 inayotumika katika mashindano ya mikwaju ya mtu mmoja mmoja, hiyo ilimpa mikwaju 16. Alipiga 84, akamaliza na 68 neti, yaani baada ya kutoa mikwaju hiyo, akamshinda wa pili kwa mkwaju mmoja. Kama angeingia na fahirisi yake ya zamani ya 14.0, angepewa mikwaju 14 na kumaliza na 70 neti, na kombe lingekwenda kwingine.

Wa pili hakuhitaji kufanya hesabu ndefu kuliona hilo. Siku tatu baadaye barua ilifika kwa kamati, yenye heshima lakini isiyofichaficha: ikidai kwamba mshindi amekuwa akijikusanyia raundi za jioni ili apandishe handikapu, kisha amejitokeza siku ya kombe na mchezo wake halisi. Kuficha uwezo ni shutuma nzito katika gofu, nzito kuliko nyingine yoyote isipokuwa kudanganya kwenye kadi, na ilikuwa imekwisha kusambaa kabla hatujaifungua barua.

Kamati ilichukua hatua nne. Katibu alitoa orodha ya raundi 20 na kuifanyia hesabu yake mwenyewe. Tulimwita mchezaji na kumsikiliza. Tulifanya hesabu ya pili kwa njia tofauti. Kisha tukakaa kuamua. Naona sasa kwamba hatua ya pili ilipaswa kuwa ya kwanza, kwa maana katibu alipoingia kwenye kikao cha kumsikiliza mchezaji tayari alikuwa na namba kichwani, na namba ikishaingia kichwani haitoki kwa maelezo.

Namba tatu kwa mchezo mmoja

Raundi zenyewe zilikuwa hivi: moja ya mikwaju 41, mbili za 42, nne za 43, nne za 44, tatu za 45, mbili za 46, mbili za 47, moja ya 48 na moja ya 49. Zikigeuzwa kuwa alama linganishi za mashimo tisa, wastani wa zote 20 ni 8.2. Mchezaji wa 14.0 anatarajiwa kupata 8.5. Kwa hiyo alikuwa akicheza vizuri kidogo kuliko fahirisi yake ya zamani ilivyodai, na papo hapo fahirisi yake ikawa inapanda.

Katibu alichukua nane bora kati ya hizo, akapata wastani wa 6.5 hivi, akazidisha kwa mbili. Alipata 12.9, na pendekezo lake likawa kwamba fahirisi iteremshwe hadi hapo. Hesabu hiyo ilituvutia sote kwa urahisi wake, lakini ina kasoro kubwa. Kuzidisha nusu nzuri kwa mbili ni kudhani kwamba kila mara mchezaji alipopiga mashimo tisa vizuri, mashimo tisa yaliyofuata nayo angeyapiga vizuri vilevile. Yeyote aliyewahi kufika shimo la kumi akiwa na kadi ya ndoto anajua kinachotokea baadaye.

Hesabu ya pili ilifuata utaratibu wa kabla ya 2024. Tuliziunganisha raundi 20 mbilimbili kwa mfuatano wa tarehe, tukapata raundi kumi za mashimo 18, tukazijumlisha na raundi kumi za mwisho za mashimo 18 alizokuwa nazo hapo awali. Fahirisi ikaja 13.9.

Basi tulikuwa na namba tatu kwa mchezaji mmoja na mikwaju ileile: 12.9 kwa kuzidisha, 13.9 kwa kuunganisha, na 15.4 kwa mfumo unaotumika sasa. Hapo ndipo mjadala ulipogeuka. Swali la nani alidanganya likaachwa, tukaanza kuuliza hesabu inafanya nini.

Inachofanya ni hiki. Raundi yake bora ya mikwaju 41 ilitoa alama linganishi ya mashimo tisa ya 5.0. Ikiongezewa 8.5 inakuwa 13.5, ilhali nusu mbili za namna hiyo zikikutana zingetoa 10.0. Raundi yake mbaya ya mikwaju 49 ilitoa 12.3, ikiongezewa 8.5 inakuwa 20.8, ilhali nusu mbili mbaya zingetoa 24.6. Alama tarajiwa huvuta pande zote mbili kuelekea katikati, na kwa mtazamo wa haraka mvuto huo unaonekana kuwa wa haki, kwa sababu unamnyima mchezaji siku njema lakini pia unamsamehe siku mbaya. Lakini fahirisi hutazama nane bora tu. Raundi ya 24.6 isingehesabiwa hata hivyo. Kuipunguza hadi 20.8 hakumletei mchezaji chochote. Raundi ya 10.0 ndiyo ingehesabiwa, na ndiyo iliyopotea. Kwa mchezaji anayecheza mashimo tisa pekee, msamaha unatolewa kwa deni ambalo halikuwa likidaiwa, na malipo yanachukuliwa kwenye akiba.

Kisha kuna mzunguko. Fahirisi ikipanda kidogo, alama tarajiwa nayo hupanda, kutoka 8.5 hadi 8.7, hadi 9.0, na kila raundi mpya ya jioni huongezewa zaidi kuliko ya wiki iliyopita. Mzunguko huo hauendi bila mwisho. Hupungua nguvu na kutulia, kwa kuwa ni kama nusu tu ya ongezeko la fahirisi inayorudi kwenye alama tarajiwa. Kwa mchezaji wa kiwango hiki, hesabu yangu inaonyesha kwamba ungetulia chini kidogo ya pointi mbili juu ya mahali ulipoanzia. Ndiyo maana vizuizi vya mfumo havikuuona. Kizuizi cha kwanza huanza kupunguza kasi ya kupanda fahirisi inapozidi ya chini kabisa ya mwaka kwa 3.0, na cha pili huizuia kabisa kwa 5.0. Mchezaji wetu alikuwa amezidi kwa 1.6 tu.

Uamuzi na sababu zake

Mchezaji alipokuja mbele ya kamati alileta shajara yake. Raundi tatu alizisimamisha kwenye shimo la saba kwa sababu ya giza, na hakuzirekodi. Hilo ni sahihi, kwani alama ya mashimo tisa hukubaliwa pale tu mashimo yote tisa yanapochezwa. Raundi nyingine mbili alizikamilisha bila kuziingiza, akidhani kwamba mchezo wa mazoezi hauhesabiwi. Hilo lilikuwa kosa. Tuliziangalia: moja ya 44 na moja ya 46. Hakuna ambayo ingeshusha fahirisi yake. Mtu anayejipandisha handikapu huficha kadi za 41, wala hafichi za 46.

Kamati ina mamlaka ya kurekebisha fahirisi ya mchezaji inapoona haiakisi uwezo wake, na marekebisho hayo sharti yafike angalau mkwaju mmoja. Tuliamua kutoyatumia. Sababu ya kwanza ni kwamba raundi ya kombe yenyewe, yenye alama linganishi ya 11.3, ilikuwa imeingia kwenye rekodi na kuiteremsha fahirisi hadi 14.7 kabla hata hatujakutana. Kumpunguzia tena hadi 12.9 kungekuwa kumtoza mara mbili kwa siku moja njema. Sababu ya pili ni kwamba 11.3 haikuwa ya ajabu. Mfumo huihesabu raundi kuwa ya kipekee inapokuwa chini ya fahirisi kwa 7.0 au zaidi, na hii ilikuwa chini kwa 4.1. Matokeo ya shindano yalibaki kama yalivyo, kwa kuwa mchezaji aliingia na handikapu iliyokuwa sahihi siku hiyo.

Uamuzi wa tatu ndio uliotugawa. Wajumbe wawili walitaka sharti kwamba anayewania zawadi ya neti katika makombe mawili makubwa ya klabu awe na angalau raundi sita za mashimo 18 kati ya 20 za mwisho. Mimi nilipinga. Watu wanaocheza mashimo tisa mara nyingi ni wale wenye muda mchache au miguu iliyochoka, na kuwafungia mlango kwa sababu ya kasoro ya hesabu ambayo hawakuitunga ni kuwahamishia mzigo usio wao. Nilipendekeza badala yake kwamba kamati ipitie kwa mkono rekodi yoyote yenye zaidi ya raundi 14 za mashimo tisa kabla ya kila kombe. Nilishindwa kwa kura, ingawa pendekezo langu nalo lilikubaliwa kuwa nyongeza.

Matokeo

Nyongeza hiyo ndiyo iliyozaa matunda kuliko nilivyotazamia, na si upande niliokuwa nikiuangalia. Tulipopitia rekodi tulimkuta mwanachama mwingine, mchezaji anayeanza, aliyekuwa na fahirisi ya 30.0 na kucheza mashimo tisa pekee. Alikuwa akiimarika upesi. Kwa raundi kumi mfululizo alama zake linganishi za mashimo tisa zilizunguka 13.0, kiwango kinachomfaa mchezaji wa fahirisi ya 23 hivi. Mfumo ulikuwa ukimwongezea 16.8 kila jioni, kumbukumbu ya yule aliyekuwa mwaka uliopita, na raundi yake ya kawaida ikawa inaandikwa 29.8. Baada ya raundi hizo kumi fahirisi yake ilikuwa imefika 28.1 tu. Hakuna aliyekuwa amemlalamikia, kwa sababu hakuwa ameshinda chochote. Yeye tulimpunguzia 2.0 baada ya kuzungumza naye, na aliupokea uamuzi kama sifa.

Mchezaji wa kwanza alipata nafasi ya kucheza raundi saba za mashimo 18 katika miezi iliyofuata. Fahirisi yake ilirudi hadi 14.2.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kusikiliza kulifaa, hata kama kulichelewa. Shajara ilimaliza kwa dakika kumi shaka ambayo hesabu zisingeimaliza kwa wiki. Kufanya hesabu kwa njia zaidi ya moja pia kulifaa: namba moja ilikuwa imetupa mshtakiwa, lakini namba tatu zilitulazimisha kuuliza kwa nini zinatofautiana.

Kushindwa kwetu kulianza mapema zaidi, mwanzoni mwa 2024, tulipobandika tangazo kwamba alama za mashimo tisa sasa zinaingia papo hapo. Tangazo lilikuwa la kweli, na halikueleza chochote. Hakuna mwanachama aliyejua kwamba nusu ya kila raundi yake ya jioni inatokana na makadirio, wala kwamba makadirio hayo yanafuata fahirisi yake mwenyewe. Katika ukimya huo mtu akiona fahirisi ya mwenzake inapanda, atajaza pengo kwa maelezo yaliyo karibu, na yaliyo karibu kwa kawaida ni tabia ya huyo mwenzake.

Tulishindwa pia kwa kuutegemea utaratibu wa raundi za kipekee kama mlinzi wa kila kitu. Kwa uwanja wetu, mchezaji wa 14.0 anayepiga 79 katika mashimo 18 hupunguziwa mkwaju wa ziada papo hapo. Ili apate punguzo hilohilo katika mashimo tisa ya kwanza, ingembidi apige 33, kwa sababu sehemu ya pili ya raundi imekwisha kuandikwa 8.5 kabla hajaweka mpira kwenye tii. Mtu anayepiga 79 mara moja kwa mwaka tunamjua. Anayepiga 33 kwa mashimo tisa akiwa na fahirisi ya 14.0 sijamwona bado. Kwa wachezaji wa mashimo tisa, mlinzi huyo yupo langoni lakini amelala.

Haya yote hayanifanyi nitamani utaratibu wa zamani wa kuunganisha nusu mbili zisizojuana. Mchezaji anayechanganya raundi, tuseme tano za mashimo tisa kati ya 20, hataona tofauti ya maana, na anapata faida ya kuona mchezo wake wa jana kwenye rekodi ya leo. Tatizo huanza pale mashimo tisa yanapokuwa chakula pekee. Hapo kamati inapaswa kusoma orodha kwa namna tofauti: iangalie wastani wa alama linganishi za mashimo tisa zenyewe, bila nyongeza, na kuulinganisha na alama tarajiwa ya fahirisi aliyonayo mchezaji. Kwa fahirisi ya 15.4 alama tarajiwa ni 9.2, na mchezaji wetu alikuwa na 8.2, pengo la pointi moja. Kwa yule anayeanza, pengo lilikuwa karibu pointi nne siku ya kwanza. Tungeuliza swali hilo moja kabla ya kufungua barua, tungejua ni nani wa kumwita.

Sharti la raundi sita bado lipo. Wanachama wawili wamekwisha kukosa zawadi ya neti kwa sababu yake, na mmoja wao ni yule aliyeandika barua.